Maswali ya Wasomaji: Mzaa Bibi Alikuwa Nani?

Barua za safari hii zimefanana. Walioziandika wana nasaba ya kuumeni inayopanda mpaka Pate, Hadhramaut au Omani, lakini kuukeni wanakwama kizazi cha tatu. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu wengine wote watahitaji yaliyomo humo.

SWALI: Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Kwa baba tuna shajara ya vizazi kumi na kimoja. Kwa mama nawajua mama, nyanya, na mamake nyanya ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Husemwa alitoka Lamu akaolewa Mombasa. Jina lake halisi hatulijui, wala ukoo wake. Nianzie wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Dada, shajara iweke kando kwa sasa. Imeandikwa kufuata wanaume, na mwenye kuzaa mabinti watupu huandikiwa humo munkaridh, kwamba uzao wake umekatika, hata kama wajukuu zake wamejaa mtaa mzima. Mwanamke wa pwani huonekana zaidi penye mali: nyumba aliyopewa na wazazi alipoolewa, minazi aliyorithi, mahari yake, wakfu aliouweka au uliomtaja. Ukifuata mali, jina hufuata. Ukifuata jina peke yake utapata kina Bi Mkubwa mia.

Anza na wazee walio hai, wanawake kwanza. Usiwaulize "mamake nyanya aliitwa nani?" kwa kuwa hilo wameshalijibu. Uliza waliyoyaona kwa macho. Nyanya alipojifungua mtoto wa kwanza, arubaini aliikalia nyumba ya nani? Desturi ni mwanamke kuzalia kwao, kwa hiyo nyumba hiyo aghalabu ni ya mama yake au ya dada za mama yake. Somo wake alikuwa nani? Hitima ikisomwa, marehemu gani hutajwa, na nani hutangulizwa? Bi Mkubwa amezikwa wapi, na waliolala kando yake ni kina nani? Nyumba aliyokaa sasa iko mikononi mwa nani, naye aliinunua au aliirithi?

Kuhusu jina halisi, kuna mahali pawili ambapo hutafutwa mara chache mno. Pa kwanza ni kaburini. Palipo na desturi ya kusoma talakini, yaani maneno anayosomewa maiti akishazikwa, maiti huitwa kwa jina la mama yake, na mama asipojulikana huitwa mwana wa Hawa. Basi siku nyanya yako alipozikwa, huenda aliyesoma talakini aliulizia jina la Bi Mkubwa, na kuna mtu aliyemtajia. Mtafute huyo mtu: mjomba, imamu wa msikiti wa mtaani, au yeyote aliyesimamia mazishi. Pa pili ni kwa wajukuu. Binti hupewa jina la bibi yake, lakini kwa heshima haitwi hilo jina, hasa likiwa la mkwe, kwani hakuna mke atakayempigia kelele mtoto kwa jina la mama wa mumewe. Mtoto huyo huishia kuitwa Mama au Bi Mkubwa. Waulize binamu wa mama yako majina yao ya kwenye cheti, si ya nyumbani. Likijirudia jina moja katika matumbo mawili au matatu, umelikaribia.

Jihadhari na maneno ya udugu. "Mama" anaweza kuwa mama mdogo, mama mkubwa, au mwanamke aliyemlea tu. "Ndugu" anaweza kuwa binamu. Kila anapotajwa ndugu, uliza: tumbo moja? baba mmoja? au wa kunyonya? Wanaonyonyeshwa na mama mmoja ni maharimu na hawaoani, hivyo ukoo huwakumbuka kama ndugu kabisa, na miaka hamsini baadaye mwandishi wa nasaba huwaweka chini ya mama asiye wao. Malezi nayo huchanganya: mtoto aliyelelewa na nyanya yake hukua akimwita mama, na kizazi kizima hudondoka kwenye orodha. Dalili yake ni mama na mwana waliopishana miaka 45 au zaidi.

Tena uliza ndoa zote za Bi Mkubwa, si ile ya babu yako peke yake. Mwanamke kuolewa mara mbili au tatu halikuwa jambo la ajabu, na watoto wa kila ndoa wamo katika nasaba ya baba tofauti. Hao ndugu wa kwa mama ni hazina. Huenda tawi lililobaki Lamu linalijua jina na ukoo wake vizuri sana, ila halijui kwamba kuna watu Mombasa wanaomtafuta.

Kwa kuandika, tumia karatasi moja kwa mtu mmoja, na kila mtu nambari yake isiyobadilika. Juu weka majina yote aliyowahi kuitwa, chini wazazi, waume, watoto, mahali, mali, kisha kwa kila habari nani aliyeisema na lini. Ukianza kwa kuchora mti utakwama haraka, maana ndoa za mabinamu humfanya mtu mmoja atokee matawi mawili, nawe utadhani ni watu wawili. Habari ichukue kuwa imara ikisemwa na watu watatu ambao hawakuisikia kwa mtu mmoja. Dada watatu waliosimuliwa na mama yao ni shahidi mmoja.

Halafu weka miaka. Kama mama yako alizaliwa 1950, na mwanamke huzaa tangu takriban miaka 18 hadi 40, nyanya alizaliwa kati ya 1910 na 1932, na Bi Mkubwa kati ya 1870 na 1914. Wasaa ni mkubwa, lakini matukio huubana. Alikuwa ameshaolewa wakati wa vita vya Mbaruk bin Rashid, 1895 hadi 1896? Mtoto wake alizaliwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia au baada? Mahari yake ilitajwa kwa reale, kwa rupia au kwa shilingi? Shilingi ilichukua nafasi ya rupia katika miaka ya 1920 na 1921, kwa hiyo khati yenye rupia kwa kawaida ni ya kabla ya hapo.

Sasa karatasi. Ya kwanza kwa faida ni faili za mirathi katika mahakama ya kadhi, kwa kuwa mirathi ya Kiislamu haigawiki bila kuwataja mke, mama na mabinti kwa majina. Tafuta ya Bi Mkubwa mwenyewe, ya mumewe, ya baba wa mumewe, na ya kila mtoto wake aliyefariki kabla yake, kwa maana hapo mama hurithi, naye hutajwa pamoja na jina la baba yake. Hilo jina la baba yake ndilo mlango wa Lamu.

Za pili ni madai ya ardhi. Sheria ya 1908 iliwataka wenye ardhi wa pwani ya Kenya kuleta madai yao yaandikwe na kuamuliwa, na isiyodaiwa ikahesabiwa ya serikali. Kazi hiyo haikukamilika kila mahali, lakini palipofanyika wanawake walidai kwa majina yao wenyewe. Dai lina jina la mdai na la baba yake, namna alivyoipata ardhi, mashahidi, na mipaka iliyotajwa kwa majina ya majirani. Hao majirani waandike wote. Shamba likigawanywa kwa warithi, majirani ni ndugu, na mara nyingi mpaka wa kaskazini ni dada na wa kusini ni mjomba. Kumbuka pia kwamba pwani minazi huweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mwingine, hivyo usimpuuze bibi aliyeandikwa kuwa na minazi kumi tu.

Za tatu ni daftari za ndoa na talaka za Waislamu, zilizosajiliwa Kenya kwa sheria ya 1906. Humo utapata wali wa bibi harusi, yaani mwanamume anayemwozesha, na wali ndiye wa kumshika: baba, kaka, ami, au mtoto wa ami. Akiwa kadhi ndiye wali, yawezekana bibi hakuwa na ndugu wa kiume wa kuumeni karibu, nayo hiyo ni habari. Za nne ni za wakfu. Mombasa kuna makamishna wa wakfu tangu 1900.

Yatakayokukwamisha ni faharasa. Makarani walimwandika Fatuma chini ya F siku moja, chini ya B ya "binti" siku ya pili, na chini ya M ya "Mwana" siku ya tatu. "Binti" hufupishwa bt., na macho yaliyochoka huisoma kama sehemu ya jina. Tafuta Fatuma, Fatma na Fatima. Mwanaisha na Mwana Isha. Khadija na Hadija. Jina la mume halitakusaidia, kwa sababu bibi zetu hawakubadili jina la baba walipoolewa, na kwetu hiyo ni neema kubwa kuliko waliyonayo watafutaji wa Ulaya.

SWALI: Tuna hati ya mirathi ya babu mkuu, Unguja, ya mwaka 1331 wa Hijria. Imetaja mke mmoja, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Bibi yetu mkuu, ambaye ni mama wa watatu kati ya hao watoto, hakutajwa. Je, alikuwa amekufa?
Msomaji, Unguja

JIBU: Yawezekana, lakini hati pekee haisemi hivyo. Kwanza hakikisha umeisoma sawa. Mke mwenye kuachiwa watoto hupata thumuni, na mwana hupata mara mbili ya binti. Kwa warithi uliowataja hisa ni 8: mke 1, kila binti 1, kila mwana 2. Angalia basi kwamba mke na binti wana hisa sawa, kwa hiyo huwezi kumtambua mke kwa fungu lake. Soma neno lililo mbele ya jina: zauja ni mke, bint ni binti. Ikiwa hisa za hati ni 16, kuna wake wawili wanaogawana thumuni moja, na pengine jina la pili limeliwa na mchwa au limeandikwa pembeni. Ikiwa ni 168, basi mama wa marehemu naye alikuwa hai: yeye 28, mke 21, kila binti 17, kila mwana 34. Hesabu haisahau mtu hata karatasi ikichanika.

Ikiwa ni 8 kweli, bibi yenu ana njia nne. Alikufa kabla ya mumewe. Au alikwisha kuachwa na eda yake kumalizika, maana mwenye talaka rejea angali edani hurithi. Au yeye ndiye huyo mke, na nyinyi mmechukua jina lake la nyumbani na hati imechukua lake halisi. Au alikuwa suria, yaani mjakazi aliyekaa na bwana wake kama mke bila ndoa.

Hilo la mwisho lizungumzwe wazi. Mtoto wa suria ni huru, ni mtoto halali wa baba yake, na hurithi sawasawa na mtoto wa mke. Hati nyingi haziweki alama yoyote ya kuwatofautisha. Suria aliyezaa hauziki, naye huwa huru bwana akifa, lakini harithi kwa kuwa si mke. Mwaka 1331 ulianza Desemba 1912. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje, na iliyowagusa ilikuja 1909, kwa hiyo watoto waliozaliwa kabla ya hapo wangeweza kuwa na mama wa namna hiyo.

Namna ya kupambanua: tafuta mirathi yake yeye. Kama alikufa akiwa mke na ana watoto, mume alirithi robo, na hati itamtaja baba wa bibi. Tafuta daftari za talaka. Kisha tafuta wakfu za babu, kwani matajiri wengi wa Unguja waliweka nyumba au shamba kwa ajili ya walioachwa huru na vizazi vyao, na majina yao yamo. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Kilimani, na mambo ya wakfu yako kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Familia zilizohama baada ya 1964 zilibeba khati zao, hivyo ndugu walio Muscat au Dubai waulizwe wapige picha walizonazo.

Jina lisilo na baba, au majina kama Faida na Mabruka, huchukuliwa kuwa alama ya utumwa. Ni dalili tu, maana waungwana nao waliyatumia. Vivyo hivyo nisba, yaani jina la ukoo au la asili: aliyeachwa huru aliweza kuchukua nisba ya bwana wake, na wajukuu wakaibeba kwa haki ya muda mrefu. Nisba inaonyesha nyumba mtu aliyofungamana nayo, damu inahitaji ushahidi mwingine. Na kama kuna mzee hai ambaye habari hii itamvunjia heshima mbele ya watu, andika, hifadhi, usiisome harusini.

SWALI: Nyuma ya msahafu wa bibi kuna tarehe za kuzaliwa watoto, kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu mmoja ametusomea 1324, mwingine 1334. Na jina moja wamelisoma namna mbili. Tumwamini nani?
Msomaji, Lamu

JIBU: Msimwamini yeyote mpaka muione wenyewe kwenye picha kubwa. Tarakimu ٢ na ٣ hutofautiana kwa jino moja, na kalamu ya mwanzi ikikauka wino jino hupotea. ٥ ni duara na ٠ ni nukta, nao waliozoea tarakimu za kizungu huisoma 5 kuwa sifuri. Linganisheni na tarehe nyingine zilizoandikwa na mkono ule ule katika ukurasa huo huo. Kama zimepangwa kwa kuzaliwa, mtoto wa kabla na wa baada watawapa jibu: 1334 haiwezi kukaa kati ya 1321 na 1327. Mkitajiwa na siku ya wiki, pigeni hesabu ya siku hiyo kwa miaka yote miwili. Mwandamo uliweza kupishana siku moja, hivyo siku ikikosea kwa moja msiikatae.

Kuugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladi, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1324 inakuwa 1906, na 1334 inakuwa 1916. Makosa hayazidi mwaka mmoja au miwili, yanatosha kwa kutafutia. Kuongeza 582 moja kwa moja, kama wafanyavyo wengi, hukubali karibu na 1340 tu. Ukirudi nyuma karne moja unakosea miaka mitatu.

Ama jina, Kiswahili cha herufi za Kiarabu kina upungufu wake. Waandishi wengi waliandika p kwa ba, v kwa fa, ch kwa shini, na g kwa ghaini. O na u ni wau moja, e na i ni ya moja. M au n iliyo mbele ya konsonanti nyingine huachwa kabisa. Kwa hiyo "Bati" inaweza kuwa Pate, na "Fita" inaweza kuwa Mvita. Andikeni herufi zilizopo kama zilivyo, kisha orodhesheni majina yote yanayowezekana, kisha mwaulizeni bibi mmoja mmoja: je, palikuwa na mtu wa jina hili? Atacheka kwa saba na kunyamaza kwa la nane.

Ukurasa wenyewe msiutie gundi ya karatasi wala kuupitisha kwenye plastiki ya moto. Plastiki haitoki tena, na gundi hula wino. Pigeni picha mchana karibu na dirisha, bila taa ya kamera, kisha uwekeni bapa ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na dari la mabati. Kaburi nalo lipigeni picha asubuhi au alasiri jua likiwa upande. Maandishi yasiyosomeka saa sita hujitokeza kwa kivuli chake. Chokaa, unga na brashi ya waya ni marufuku.

SWALI: Mama wa bibi yangu alilelewa misheni ya Bagamoyo, kisha akaolewa na Mwislamu akasilimu. Tunalijua jina lake la Kiislamu tu. Je, misheni itakuwa na kumbukumbu?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu ilifunguliwa Bagamoyo mwaka 1868 na kuwapokea watoto waliokombolewa utumwani. Kinachokusaidia ni daftari la ubatizo, lakini limepangwa kwa jina la Kikristo, ambalo huna. Itabidi upite mlango wa nyuma. Kadiria mwaka wake wa kuzaliwa, soma wasichana wote wa miaka hiyo mitano kabla na mitano baada, na uangalie maelezo ya pembeni, ambako mapadre huandika ndoa na mengineyo yaliyofuata. Waandike pia wasimamizi wa ubatizo, kwani mara nyingine mtoto alipewa jina la msimamizi. Usitarajie kuikuta ndoa yake katika daftari la ndoa la kanisa kama ilifungwa kwa kadhi.

Wenye bibi wa Mbweni, Unguja, watafute kumbukumbu za misheni ya Kianglikana ya UMCA, zilizohifadhiwa Oxford katika maktaba ya Bodleian. Wa Freretown na Rabai, karibu na Mombasa, watafute za CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Andika barua yenye jina, mwaka unaokisia na misheni. Barua inayosema "nataka habari za ukoo wangu" hairudi na kitu.

Penye kabila utakuta "Mnyasa", "Myao" au "Mmanyema". Chukua neno hilo kama jina la njia aliyopitia. Aliyefika na msafara uliotoka upande wa Ziwa Nyasa aliitwa Mnyasa hata kama alizaliwa mbali na ziwa, na mtoto wa miaka sita hakuweza kubisha.

SWALI: Kipimo cha DNA kitanionyesha ukoo wa mama yangu? Kuna anayeniambia kitathibitisha kuwa sisi ni Washirazi.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kitakuonyesha mstari mmoja. Kuna DNA ambayo mama humpa kila mtoto na binti peke yake huipeleka mbele, na hiyo hufuata mama, mama yake, mama wa mama yake, bila kugusa mwingine. Vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wazazi, nao mstari huo ni nafasi moja kati ya hizo. Haikupi jina wala mji. Ile ya pande zote ina faida zaidi ikiwa binamu zako nao wamepima, kwa sababu kinachokusaidia ni kulinganishwa na watu. Mabinamu waliooana kwa vizazi huifanya mashine iwaone jamaa wa mbali kuwa wa karibu, basi punguza kila inachokuambia.

Kuhusu Ushirazi, yaani madai ya asili ya Uajemi, mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya takriban 1250 na 1800. Kwa wengi wao uzao wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote, na wa baba ukawa kwa kiasi kikubwa wa Kiajemi, mchanganyiko ukianza karibu mwaka 1000. Yaani hata kama masimulizi ya kwenu ni kweli, mstari wa mama ndio mahali pa mwisho pa kumtafuta mtu wa Shirazi.

SWALI: Bibi yangu ni Mngazija aliyezaliwa Unguja. Nifuate njia hizo hizo?
Msomaji, Unguja

JIBU: Hapana, una nafuu. Ngazija ukoo unafuata mama, na kuna ardhi ya manyahuli inayopita kwa wanawake wa nyumba moja kizazi kwa kizazi. Jambo la kuuliza ni mji na ukoo wa mama yake. Jina la baba lisubiri. Ukipata mji, mtume mtu mwenye kujulikana huko aulize ardhi ya nyumba hiyo inashikwa na nani sasa. Mwanamke atakayetajwa ni ndugu wa bibi yako, na orodha ya waliomtangulia kwa kawaida anayo kichwani, kwa kuwa ndiyo hoja yake mtu akija kuidai ardhi. Mwanzoni atadhani nawe umekuja kudai. Mtangulizie salamu na majina ya marehemu wa kwenu kabla ya kuuliza lolote la shamba.